Mkono Juu, Safu ya Saba

Bi Mlango hakumwamini mtu aliyekuja sinema na mkoba mkubwa, hakumwamini aliyesahau tarehe ya tiketi yake, na zaidi ya wote hakumwamini aliyecheka kabla hajaulizwa kitu. Miaka ishirini na sita alikuwa amesimama penye mlango wa ukumbi akichana tiketi, na katika miaka hiyo vidole vyake vilijifunza kazi kuliko macho. Tiketi ya bandia aliijua kwa kuigusa tu. Ya halali ilikuwa na ukavu wake; ya bandia ilikuwa laini mno, "kama mtu anayekuja kukukopa," alivyopenda kusema. Aliwahi kumrudisha mlangoni mume wa dada yake mwenyewe, mbele za watu, na shemeji yule hajamsamehe mpaka leo. Wala yeye hajaomba msamaha. Tiketi ilikuwa ya juzi.

Mtu mmoja tu hakuwahi kumtilia shaka, naye ni Fundi, aliyeendesha projekta kule juu, katika chumba kidogo chenye kidirisha cha kioo. Walianza kazi mwaka mmoja. Enzi hizo filamu zilikuja kwa mikanda, makasha mazito ya bati, na Fundi aliyapandisha ngazini akihema. Siku hizi filamu nzima inakuja kwenye diski inayoingia kwenye mfuko wa koti, na wenye filamu wanatuma namba ndefu inayoitwa ufunguo. Bila ufunguo diski ni kipande cha chuma. Na ufunguo una siku zake: haufungui chochote kabla ya Alhamisi asubuhi, siku ya jaribio, ili Ijumaa watu wakija kila kitu kiwe sawa.

Kanuni ya ukumbi ilisema siku ya jaribio asiwepo mtu ndani isipokuwa Fundi. Kanuni hiyo ilitungwa na mtu asiyejua kazi. Aliye juu nyuma ya kioo atajuaje sauti inavyosikika kwa aliyeketi chini? Kwa hiyo kila Alhamisi Bi Mlango alijipenyeza gizani, akaketi safu ya saba, kiti cha katikati, akawa masikio ya Fundi. Akiinua mkono, sauti iongezwe. Akikandamiza hewa kwa kiganja, ipunguzwe. Akikunja ngumi, hapo hapo, usiguse. Hawakusemeshana neno wakati wa kazi hiyo, na hakuna mtu mwingine aliyeijua.

Sasa mwaka huo wa ishirini na sita ilikuja filamu mpya ya mwigizaji Kidevu. Watu walimwita hivyo kwa sababu kidevu chake kilitangulia kuingia kwenye picha, mwili ukafuata. Alikuwa steringi wa kweli, wa kuruka kutoka kwenye ndege bila kuchafua shati, na filamu yake moja ililisha ukumbi ule wiki sita nzima. Kidevu akija, foleni hupinda kona, mashabiki hugombana kwa viti vya mbele, na hata meneja huonekana akicheka.

Safari hii meneja alifanya jambo ambalo hajawahi kulifanya. Alibandika bango la filamu yeye mwenyewe.

"Pumzika mama," alimwambia Bi Mlango. "Bango nimeshalifunga kwenye fremu."

Meneja kushika bango! Mtu ambaye hata taa ya ofisini kwake huwashiwa! Machale yalimcheza Bi Mlango, na laiti angeyasikiliza hapo. Lakini wiki ile akili yake ilikuwa imeshikwa na jambo jingine. Fundi alikuwa anakuja kazini na mkoba. Haukuwa mdogo, na alikuwa hauweki chini hata anapokunywa chai. Mara mbili Bi Mlango alimkuta kwenye ngazi akiongea na simu, uso umeelekea ukutani, naye alipomwona akaikata. Bi Mlango akajiambia, mtu ana mambo yake. Kisha akajiambia, lakini mambo gani?

Alhamisi wakafanya jaribio kama kawaida. Dakika kumi za mwanzo: jengo linaanguka, vumbi linatanda, kimya kirefu. Halafu chini ya kifusi simu inaanza kulia. Mlio wa kwanza haukutosha, Bi Mlango akainua mkono. Ukapanda. Wa tano ukakaa mahali pake, akakunja ngumi. Simu ililia mara saba kabla mkono wa Kidevu haujatokeza kwenye mawe. Alihesabu kwa sababu kuhesabu ilikuwa tabia yake.

Ijumaa ikafika, na foleni haikufika hata kwenye duka la jirani. Onyesho la kwanza, nusu ya viti vitupu. Onyesho la pili, Bi Mlango alisimama mlangoni na tiketi chache mkononi akitazama barabara kama mwenye harusi ambaye wageni wamepotea njia. Watu wamefanyiwa nini? Kidevu amekosa nini?

Jibu alilipata Jumamosi kabla ya adhuhuri, au ndivyo alivyodhani. Alikuwa chumbani kwake akipiga pasi sare ya kazi. Alikuwa mjane, anaishi vyumba viwili, na ukuta wa chumba kimoja aliuchangia na jirani aliyeitwa Mama Pacha. Kupitia ukuta huo akasikia jengo linaanguka. Kisha kimya. Kisha simu ikalia. Moja, mbili, tatu. Pasi ilikuwa juu ya kola. Nne, tano, sita. Ilipolia ya saba kola ilikuwa imeshaanza kunuka moshi.

Akachukua bakuli akaenda kuomba chumvi. Chumvi alikuwa nayo ya mwezi mzima.

"Hodi jirani! Chumvi imeniishia."

"Karibu, karibu mama," alisema Mama Pacha, na hapo hapo akaidaka rimoti na kuzima televisheni, tena upesi.

"Mama, washa!" pacha wote wawili wakalia kutoka sakafuni. "Alikuwa anatoka kwenye mawe!"

"Hiyo si ya Kidevu?" aliuliza Bi Mlango.

"Ipi?"

"Hiyo uliyoizima."

"Aa, vitu vya watoto tu. Siku hizi kila kitu kipo, jirani." Mama Pacha akacheka, akamjazia bakuli mpaka chumvi ikamwagika. "Ukihitaji nyingine usisite."

Bi Mlango alirudi na chumvi yake isiyo na kazi, akaketi kitandani. Sekunde chache alizoiona picha ile zilimtosha. Filamu za wizi alizijua. Mtu huingia na simu kifuani, akarekodi kutoka kitini, na ukiitazama unaona vichwa vya watu na unasikia mtu akikohoa. Hii haikuwa na kichwa wala kikohozi. Ilikuwa safi kama maji ya kisima. Kwa hiyo haikurekodiwa ukumbini. Ilitoka kwenye diski yenyewe. Na diski hiyo, mpaka Ijumaa, iliguswa na mtu mmoja. Ndani ya ukumbi walikuwa wawili asubuhi ile ya Alhamisi. Yeye hakuiba. Basi hesabu imekwisha.

Iliuma. Hilo lisemwe wazi: iliuma kuliko alivyotegemea. Kikulacho ki nguoni mwako, alijiambia, na akalia kidogo, kisha akakasirika kwa sababu amelia.

Jumapili alimpa Fundi nafasi ya mwisho. Alimsimamisha chini ya ngazi.

"Fundi, kaka yangu, mkoba huo una nini siku zote hizi?"

"Una maswali mengi kuliko wewe," alijibu Fundi, akacheka na kupanda juu.

Kama angekasirika, angepona. Lakini alicheka.

Jumatatu asubuhi Bi Mlango akagonga mlango wa meneja. Meneja alimsikiliza bila kukunja uso. Mtu anaambiwa filamu yake imeibwa, naye anachezea kifuniko cha kalamu! Alimwuliza swali moja tu la maana.

"Alhamisi asubuhi, nani hubaki na filamu?"

"Fundi."

"Peke yake?"

Bi Mlango akapiga hesabu. Akisema kweli, atakuwa amekiri kwamba miaka yote amevunja kanuni. Na mkaguzi mwenyewe ataingia kwenye orodha ya kukaguliwa.

"Peke yake," alisema.

"Basi yaandike hayo hayo, mama, uweke sahihi. Jina lako halitatajwa."

Akaandika. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, wa mtu aliyefundishwa kwa fimbo. Alasiri hiyo hiyo Fundi akaitwa ofisini, na alipotoka hakuwa na funguo mkononi. Alishuka polepole na mkoba wake mpaka mlangoni, na ingawa kila mfanyakazi anayetoka hukaguliwa na Bi Mlango isipokuwa yeye, leo aliuweka mbele yake na kuufungua mwenyewe. Ndani mlikuwa na feni ya projekta imefungwa kwa shati kuukuu, na nyaya.

"Feni ya akiba," alisema Fundi. "Iliyopo imeanza kunguruma, na meneja anasema hakuna kununua nyingine. Nimekuwa naitengeneza nyumbani, kuna jamaa ananielekeza kwa simu. Nilitaka nikuonyeshe ikishapona. Mpe atakayekuja, mwambie asikaze skrubu kwa nguvu."

Akamwachia feni mikononi akaondoka.

Mwizi naye anaweza kutengeneza feni, Bi Mlango alijiambia. Alijiambia hivyo mara nyingi sana siku ile, na kitu ukishajiambia mara nyingi ujue hukiamini.

Jumanne wakaja mafundi wawili na tepu, wakapanda kwenye chumba cha projekta wakaanza kupima. Mashine mpya, walisema. Meneja ataiendesha kutoka ofisini kwa kubonyeza simu. Bi Mlango akasimama chini ya ngazi akihesabu kwa vidole. Mwizi amekamatwa Jumatatu. Wapimaji wamefika Jumanne, na mizigo yao, na karatasi zao zimeshapigwa mihuri. Hawa waliitwa lini? Kwa mara ya kwanza shaka yake ikageuza shingo na kutazama upande wa ofisi.

Jumatano meneja akamwambia atoe bango la Kidevu. Filamu inaondolewa, wateja hawaji. Wiki sita zimekuwa siku sita. Bi Mlango akafungua fremu ya kioo nje ya ukumbi, akavuta bango, nalo likashuka refu kuliko alivyolizoea. Sehemu ya chini ilikuwa imekunjwa kwa ndani, kiganja kizima, mkunjo wa mtu aliyetumia rula. Akaukunjua. Kulikuwa na alama ya kampuni moja ambayo watu huilipia kila mwezi waangalie filamu kwa intaneti, na chini yake maandishi meupe: Kuanzia Ijumaa hii, ukumbini na nyumbani kwako, siku ile ile.

Alisoma mara ya pili kwa kidole. Siku ile ile. Mtu aliyepekua mikoba ya mji mzima hakupekua bango lililoning'inia mita mbili kutoka puani kwake. Ndege mjanja hunaswa na tundu bovu.

Aliacha fremu wazi akaenda moja kwa moja kwa Mama Pacha, bila bakuli.

"Ile filamu uliipata wapi? Nieleze kweli, jirani, nakuomba."

Mama Pacha akatazama chini. "Ni ya kulipia, mama. Siyo ya wizi. Ila anayelipia ni kaka yangu, mimi natumia nywila yake. Ulipoingia na macho yale, na wewe kwa kukagua nakujua, nikadhani umetumwa."

Kwa hiyo filamu ilikuwa halali. Haikuwahi kuibwa. Ilikuwa nyumbani kwa kila mwenye televisheni tangu Ijumaa, kwa ruhusa ya wenyewe, na aliyekuwa hajui katika mji mzima ni mwanamke anayechana tiketi zake. Na neno "mwizi" lilikuwa limeshabandikwa kwenye jina la mtu. Kwa neno hilo hakuna ukumbi, duka wala kiwanda kitakachompa Fundi funguo tena maisha yake yote.

Alipobisha hodi nyumbani kwa Fundi, mke wake ndiye aliyemfungulia. "Karibu wifi. Yupo ndani, tangu juzi hasemi na mtu."

Fundi alikuwa ameketi mbele ya meza, ametandaza gazeti, anasafisha redio isiyohitaji kusafishwa. Alipomwona akasimama haraka, na kabla Bi Mlango hajafungua mdomo akamwahi.

"Dada, usiwe na wasiwasi. Wewe umo salama."

"Salama vipi?"

"Meneja aliniuliza kama kuna mtu mwingine huwa ndani Alhamisi. Aliuliza mara tatu. Nikamwambia nilikuwa peke yangu, miaka yote." Akatikisa mkono kama anayefukuza nzi. "Hata kama wataniitia polisi nitasema hivyo hivyo. Kuwaingiza watu wawili shimoni kuna faida gani?"

Bi Mlango alitaka kukaa, hakuona kiti. Kilikuwepo, mbele yake. Neno lile lile, peke yake, alilolitumia yeye kujificha, mwenzake alikuwa amelitumia kumfunika.

"Fundi, karatasi aliyokusomea meneja niliiandika mimi."

Kitambaa cha kusafishia kikasimama.

"Nilisikia filamu kwa jirani. Nikafikiri ni wewe. Nikaandika ulikuwa peke yako ili mimi nisiwemo. Filamu haikuibwa. Meneja alijua. Lakini mwandiko ni wangu, meneja hakunishika mkono."

Mke wa Fundi, aliyekuwa mlangoni na vikombe viwili, akavirudisha jikoni.

"Miaka ishirini na sita," alisema Fundi hatimaye. "Nenda nyumbani, Bi Mlango."

Siku zote alimwita dada.

Mwenye ukumbi alikuwa bibi kizee aliyeachiwa jengo na marehemu mumewe, na aliishi ghorofa ya juu, hashuki ila kwa jambo la maana. Alhamisi asubuhi Bi Mlango alipanda kwake na bango limeviringishwa kwapani na feni mkononi. Aliyatoa yote: bango, feni, wapimaji wa Jumanne, uongo wake mwenyewe. Bibi akavaa miwani, akausoma ule mstari mweupe, akamtuma mtu amwite meneja.

Meneja hakubisha sana. Alisema filamu zote kubwa zinakwenda huko, za Kidevu na za wenzake, wanaokwenda ukumbini watabaki wachache, na ukumbi hauwezi kubeba fundi ambaye kazi yake inafanywa na kitufe. Mstari aliukunja ili wateja wasibaki nyumbani, mashine aliiagiza akingoja nafasi, na tuhuma ya wizi ilipoletwa mlangoni kwake akaipokea. "Lakini ningekuambia umwondoe Fundi ungekataa, mama. Alikuwa mtu wa marehemu."

"Ningekataa, ndiyo. Halafu tungebishana," alisema bibi. "Huenda ungenishinda, maana hata mimi sijui ukumbi huu utafika wapi. Ila ungenishinda kwa hoja, siyo kwa kumpaka mtu matope." Kisha akamgeukia Bi Mlango na kumsukumia karatasi. "Na wewe andika upya. Ya kwanza nitaichana mbele ya wafanyakazi wote, na hii nitawasomea."

Wote! Wauza vitafunio, wafagiaji, mlinzi, watu aliowapekua mifuko kila jioni kwa miaka. Watamcheka mpaka astaafu. Alishika kalamu akaandika sentensi ya kwanza: Alhamisi ile tulikuwa wawili.

Ilisomwa, na walicheka. Mlinzi mpaka leo akimwona humfungulia mfuko wake wa suruali bila kuombwa.

Fundi alirudi wiki ya pili, baada ya bibi kumwendea mwenyewe. Wapimaji walirudishwa na tepu zao, kwa sasa. Neno "kwa sasa" lilisemwa na kila mtu. Meneja alibaki, lakini mabango hashiki. Fundi alipita mlangoni akasema, "Habari za kazi," Bi Mlango akajibu, "Nzuri," na hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao siku nne nzima.

Ikafika Alhamisi. Filamu ndogo, ya steringi asiye na jina, ambayo nayo itakuwa majumbani kesho yake. Bi Mlango alibaki nje ya mlango na ufagio, anafagia mahali palipofagiliwa. Hakuitwa. Ndani filamu ikaanza, na sauti ilikuwa chini, chini mno, kama watu wanaosengenyana. Akangoja ipandishwe. Haikupanda. Fundi mwenye akili zake hawezi kuacha sauti hivyo, hata akiwa mgonjwa.

Akaegemeza ufagio ukutani. Akaingia gizani, akahesabu viti kwa mkono mpaka safu ya saba, akaketi katikati, akainua mkono.

Sauti ikabaki pale pale. Aliendelea kuinua. Dakika ikapita, na nyingine. Kwenye skrini watu walikimbizana kimya kimya. Bega likaanza kumuuma, kiwiko kikawa kizito, lakini hakuushusha wala hakuusaidia kwa mkono wa pili. Nyuma yake, juu, nyuma ya kioo, alijua kuna mtu anamtazama.

Halafu sauti ikapanda, kidogo kidogo, ikajaa ukumbi mtupu. Bi Mlango akakunja ngumi. Alishuku kwamba alicheleweshwa makusudi. Shaka hiyo hakuipeleka kwa mtu.